Kiambishi Kimebaki Angani, Mzizi Uko Wapi?

Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, tunasikia sifa zile zile: Kiswahili kina mamilioni ya wasemaji, Kiswahili ni lugha ya Umoja wa Afrika, Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika katiba yetu. Safari hii msemaji mmoja aliongeza sifa ambayo wengi wetu hatukuwa tumeisikia. Alisema Kiswahili kimefika hata angani, kwa sababu Wamarekani waliwahi kurusha setilaiti wakaiita Uhuru. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Na mimi nilipiga.

Tulipotoka, mdogo wangu anayesoma sekondari, ambaye nilikuwa nimemleta aone kitivo chetu, akaniuliza: "Yaya, hiyo Uhuru ilienda kufanya nini huko juu?" Nilianza kumjibu kwa Kiswahili. Kwenye sentensi ya pili nikakwama, nikahamia Kifaransa. Akatikisa kichwa kukubali, kama anavyotikisa kila mwanafunzi ambaye hakuelewa na hataki kuonekana mjinga kwa kurudia swali.

Nina miaka 24 na ninasomea lugha za Kiafrika. Ukiniamsha usiku wa manane naweza kukutajia ngeli zote za Kiswahili na viambishi vyake. Lakini mtoto wa mama yangu aliniuliza swali moja la kawaida, katika lugha tunayoongea nyumbani, nikashindwa. Ndiyo maana ninaandika. Rai yangu ni hii: lugha haifiki angani kwa sababu wengine wameazima neno lake wakalibandika kwenye chombo chao. Inafika siku wasemaji wake wanapoweza kueleza kwa lugha hiyo chombo kiliona nini. Hilo la pili ni kazi yetu, na hatujaifanya.

Tuanze na jambo lenyewe, maana hotuba ililipita mbio.

Tarehe 12 Desemba 1970 Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru. Siku hiyo roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimama ndani ya bahari karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya kilo 140 hivi. Mradi huo wa NASA, shirika la anga la Marekani, ulisimamiwa na mhandisi Marjorie Townsend, na ndiye aliyeipa setilaiti jina la Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya wenyeji wao. Kabla ya hapo iliitwa SAS-A tu. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja pekee: kutafuta mionzi ya X inayotoka kwenye nyota.

Kwa nini Malindi? Kwa sababu iko karibu na ikweta. Roketi inayoruka kutoka hapo kuelekea mashariki inasaidiwa na mwendo wa dunia yenyewe inavyojizungusha. Zaidi ya hapo, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta haipiti katika maeneo yenye chembe nyingi za umeme ambazo zingevuruga vipimo vyake. Njia ya Uhuru iliinama digrii 3 tu kutoka ikweta.

Sasa chukua ramani utazame Kisangani. Mji wetu uko kama nusu digrii tu kaskazini ya ikweta. Maana yake ni kwamba Uhuru ilikuwa inapita juu ya eneo letu karibu mara 14 kila siku, kilomita zaidi ya 500 juu ya mabati yetu, kwa zaidi ya miaka miwili. Babu zetu walikuwa wanavua samaki, wanauza mihogo, wanapeleka watoto shule, na juu ya vichwa vyao neno la Kiswahili lilikuwa linapita likihesabu mionzi ya nyota. Si sisi tuliolituma, na hakuna aliyetuambia limeona nini.

Mdogo wangu angeuliza: kwa nini wapande juu? Nyota si zinaonekana hata hapa uwanjani? Zinaonekana, lakini kwa nuru moja tu. Nuru ni ukoo mkubwa. Nuru tunayoiona kwa macho ni ndugu mmoja katikati ya ukoo huo. Upande mmoja kuna mawimbi marefu, yale yanayoleta sauti ya redio. Upande wa pili kuna mawimbi mafupi sana yenye nguvu, na humo ndimo iliyomo mionzi ya X, ile ambayo hospitalini inapita katika nyama na kuonyesha mfupa uliovunjika. Katika Kiswahili cha mjini kwetu neno "radio" linafanya kazi zote mbili: tunasikiliza habari kwenye radio, na daktari anamwambia aliyeanguka na pikipiki "aende apige radio". Wengine wanacheka matumizi hayo. Mimi naona yamegusa jambo la kweli bila kukusudia, maana hao wawili ni watu wa ukoo mmoja waliosimama ncha mbili za mstari.

Tatizo ni hewa. Hewa inayotuzunguka inazuia mionzi ya X inayotoka juu isifike chini. Hilo ni jema kwa ngozi zetu, lakini mtazamaji wa nyota anabaki kama mtu aliyefungiwa chumbani na dirisha lenye pazia nzito. Mwaka 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi huko New Mexico, ikakaa juu ya hewa nzito kwa dakika chache, ikaonyesha kitu chenye mwanga mkali wa mionzi ya X katika kundi la nyota la Scorpius. Dakika chache tu, kisha roketi ikaanguka. Kwa miaka minane walikuwa wanachungulia hivyo. Uhuru ndiyo iliyoondoa pazia, kwa sababu ilikaa huko huko juu.

Usifikirie kamera. Uhuru haikupiga picha hata moja. Ilikuwa na masanduku ya gesi yaliyoelekezwa pande mbili, na mbele ya kila sanduku kulikuwa na vizuizi vilivyolifanya lione kipande chembamba tu cha anga, kama mtu anayechungulia kwa mrija. Mionzi ya X ikiingia katika gesi inasababisha mshtuko mdogo wa umeme. Chombo kinahesabu mishtuko hiyo: hapa michache, hapa mingi, hapa mingi zaidi. Setilaiti ilikuwa inajizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, na hivyo ikapapasa anga yote.

Ilipata nini kwa kuhesabu tu? Katika Centaurus kulikuwa na kitu, Centaurus X-3, ambacho mionzi yake ilikuwa inapiga kila baada ya sekunde 4.8, bila kuchoka, kama mtu anayetwanga. Kisha, kila baada ya siku mbili na saa chache, mapigo yalikuwa yanapotea kwa karibu nusu siku, halafu yanarudi. Fikiri kama mpelelezi: kitu kinachopotea kwa ratiba kinafichwa na kitu kingine. Kumbe ni nyota mbili zinazozungukana. Moja ni kubwa. Nyingine ni mabaki ya nyota iliyokufa, yenye uzito kuliko jua lakini upana wa kilomita 20 hivi, kama safari ya kutoka mjini hadi Yakusu. Hilo dogo linanyonya gesi ya mwenzake, na gesi inavyoanguka inapata joto la ajabu na kutoa mionzi ya X.

Katika Cygnus kulikuwa na kitu kingine, Cygnus X-1. Hiki hakikuwa na mapigo ya ratiba. Kilimetameta ovyo, kikibadilika ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Hapa kuna hoja ninayoipenda sana. Nuru inakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, na hakuna habari inayokwenda haraka kuliko hiyo. Kwaya haiwezi kubadilisha wimbo kwa pamoja kabla ishara haijamfikia mwimbaji wa mwisho. Vivyo hivyo, kitu kinachobadilika ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde hakiwezi kuwa na upana unaozidi kilomita 30,000. Jua letu lina upana wa kilomita milioni 1.4. Kwa hiyo Cygnus X-1 ni kitu kidogo sana. Watazamaji waliokuwa chini walipogeuza darubini zao upande ule, walikuta nyota kubwa ya buluu ikizungushwa na mwenzake asiyeonekana, mzito mno kwa udogo wake. Ndivyo Cygnus X-1 ilivyokuwa ya kwanza kukubaliwa na wataalamu wengi kuwa shimo jeusi. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 vinalipa uzito wa jua letu mara 21 hivi.

Uhuru ilinyamaza mwaka 1973. Mwaka 1979 ilirudi katika hewa na kuteketea. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Darubini nyingine zimefuata: Hubble mwaka 1990 kwa nuru ya macho na jirani zake, Chandra mwaka 1999 kwa mionzi ya X, James Webb mwaka 2021 kwa nuru ya joto ambayo jicho haliioni. Kila moja inasikia lugha yake. Hata picha za Webb tunazozisambaza katika simu, rangi zake zimetafsiriwa, kwa sababu nuru yenyewe haina rangi kwa macho yetu. Sisi tunaosomea tafsiri tungepaswa kuwa wa kwanza kulieleza hilo.

Sasa nije kwenye kichwa cha makala. Orodha ya mwisho ya vitu vilivyoonekana na Uhuru ilichapishwa mwaka 1978, ikiwa na vitu 339. Kila kimoja kilipewa jina linaloanza na 4U: 4 kwa sababu ni toleo la nne, U kwa ajili ya Uhuru. Hadi leo mtaalamu wa anga akiandika 4U 1700-37 anataja lugha yetu bila kujua. Lakini wewe unayesoma isimu tazama kilichobaki. "Uhuru" lina sehemu mbili: kiambishi u-, kinachounda nomino za dhana, na mzizi -huru, uliotoka kwenye Kiarabu, wenye maana ya mtu asiye mtumwa. Katika orodha ya nyota mzizi umedondoka. Kimebaki kiambishi peke yake, na kiambishi peke yake hakina maana. Sijui mfano mzuri kuliko huo wa nafasi ya Kiswahili katika sayansi.

Najua majibu yatakayokuja, maana nimeyasikia madarasani.

La kwanza: Kiswahili hakina maneno, tusubiri kamusi ya istilahi. Ndugu msomaji, umesoma sasa hivi habari ya nyota zinazofichana na shimo jeusi. Ni neno gani lililokuzuia njia? Neno "darubini" lenyewe limekuja kutoka Kiajemi, kwa maneno mawili: mbali na kuona. Kifaransa nacho hakikuzaliwa na neno "télescope". Kililipata kutoka kwenye Kigiriki, kwa maneno mawili: mbali na kuona. Sote ni waazimaji. Tofauti ni kwamba mwenzetu aliazima, akaanza kazi siku hiyo hiyo.

Na sisi watu wa Kisangani tunao mfano bora kuliko kamusi. Walokele wa kando ya mto walikuwa wanapeleka habari kwa ngoma ya gogo lililochimbwa, yenye sauti mbili, ya juu na ya chini. Kilokele ni lugha ya toni. Ngoma inabeba toni tu, haibebi irabu wala konsonanti, na maneno mengi yana toni zinazofanana. Ukipiga neno moja tu msikilizaji hatajua ni lipi. Wapiga ngoma hawakusema kwamba ngoma yao haina maneno. Walirefusha. Badala ya kupiga "mwezi" walipiga fungu lenye maana ya mwezi unaotazama dunia chini. Badala ya "kuku" walipiga fungu la kuku mdogo anayelia kiokio. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyeishi Yakusu na kujifunza ngoma hiyo, aliyaeleza hayo katika kitabu mwaka 1949. Somo lake kwetu liko wazi: pale neno moja lisipotosha, weka sentensi. Istilahi itazaliwa baadaye, kutokana na sentensi zilizotumika sana.

La pili: Kiswahili kipi? Cha Zanzibar, cha Lubumbashi, au Kingwana chetu? Naheshimu swali hilo, ndilo linaloendesha mitihani yetu. Lakini naona tunalitumia kama kufuli. Mdogo wangu akisema "radio" kwa picha ya mfupa, nitaanza na radio yake, kisha nimpeleke kwenye mionzi ya X. Mwenye kusahihisha atakuja kusahihisha, ila lazima kwanza kuwe na kitu kilichoandikwa.

La tatu ndilo zito: watu wana njaa, umeme unakatika, na wewe unatuletea nyota. Sitalikimbia. Kama ningependekeza nchi inunue roketi, ningestahili kuzomewa. Lakini mdogo wangu hakuomba roketi, aliomba sentensi. Vipimo vya Uhuru vimekwisha kulipiwa na wengine na kuchapishwa, viko wazi kwa kila mtu. Kinachokosekana kati ya vipimo hivyo na kijana wa Kisangani ni kurasa chache katika lugha anayoielewa, na watu waliofundishwa kuzitengeneza ni sisi. Tena njia inayomfundisha kijana kwamba kitu kinachopotea kwa ratiba kinafichwa na kitu kingine inaweza kumsaidia kesho kufuatilia ugonjwa, au pesa zinazopotea kwa ratiba katika ofisi.

Niungame na langu. Kazi yangu ya mwisho wa masomo inahusu Kiswahili, na inaandikwa kwa Kifaransa. Nimejaza kurasa nyingi nikikieleza Kiswahili kama daktari anayeeleza mgonjwa kwa ndugu zake, mgonjwa mwenyewe akiwa amelala pale bila kuulizwa neno. Makala haya ni ya kwanza ambayo nimeandika kwa Kiswahili juu ya kitu kisichokuwa Kiswahili. Nadhani wengi wetu katika kitivo hiki hatujafika hata hapo.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, yote bila bajeti. Jarida letu litenge kurasa mbili katika kila toleo kwa jambo moja la sayansi, liandikwe kwa Kiswahili. Kila makala iandikwe na watu wawili, mmoja wa kwetu na mmoja wa kitivo cha sayansi, ili lugha isidanganye sayansi na sayansi isifiche lugha. Na kabla ya kuchapishwa, makala isomwe na mwanafunzi mmoja wa sekondari, tena asiulizwe kama ameelewa, maana atatikisa kichwa. Aulizwe ana swali gani.

Nimejaribu kipimo hicho nyumbani. Nilimsomea mdogo wangu sehemu ya Cygnus X-1 kama ilivyo hapo juu. Safari hii hakutikisa kichwa. Alinyamaza kidogo, akasema: "Yaya, ngoja. Kama shimo jeusi linameza hata nuru, hiyo mionzi waliyoihesabu ilitoka wapi?"

Ilitoka kwenye gesi ambayo bado haijamezwa. Inazunguka mlangoni, inasuguana, inapata joto, inalia kabla ya kuingia. Nilimjibu hivyo, kwa Kiswahili, akauliza la pili, na la tatu. Hilo la tatu lilinishinda, na nimeshamwomba rafiki wa kitivo cha sayansi tukae tuliandike pamoja. Wahariri, mtutengee kurasa mbili katika toleo lijalo.